Bomba Linapoa na Mtoto Hana Jina

Nina mtanziko, jamani, na leo msiniitikie kwa mazoea. Msiseme "tega" huku mnaendelea kumenya viazi. Na mkishindwa msinipe mji, miji siitaki, nitaipeleka wapi na mimi hapa hata kwenda chooni lazima nimwombe mtu anipokee mtoto? Mimi nataka jina. Jina moja na sababu yake, basi. Nawauliza nyinyi msio wa Lugema kwa sababu wa Lugema wote wameshachagua upande, hadi mama mkwe wangu, hadi katekista, na kila anayepita dirishani ananitupia ushauri ambao sikumwomba. Nitasimulia haraka, na nyinyi msikilize haraka, maana jambo lenyewe halijaisha, linaendelea hapa nilipo.

Lugema ni kijiji cha juu kabisa katika milima ya Mufindi, huko ambako mwezi wa sita nyasi zinaamka nyeupe kwa sakitu na maji ya ndoo yanafanya ngozi. Tuna kiwanda kimoja cha mbao. Kiwanda kinakula miti ya paina, kinatoa mbao, na kinatema maranda, ule unga na vumbi la mti linalodondoka chini ya msumeno. Mbao zinaondoka na malori, maranda yanabaki. Yamebaki tangu kabla sijazaliwa, yakawa kilima kizima nyuma ya kiwanda, kinafuka moshi mwaka hadi mwaka, kinatukohoza, na hakuna aliyewahi kusema kile kilima ni changu. Takataka haina mwenyewe. Subirini tu, mtaona ilivyopata wenyewe.

Basi palikuwa na watu watatu. Kila mmoja Mungu alimpa kitu chake, na kila mmoja kijiji kilimcheka kwa kitu hichohicho alichopewa.

Tasiana Mlowe alipewa mikono. Anakaanga maandazi nje ya geti la kiwanda, na jiko lake ni debe lililoshindiliwa maranda. Anasimamisha chupa katikati ya debe, anamwaga maranda pembeni, anashindilia kwa ngumi, anamwaga tena, anashindilia, halafu anaichomoa chupa taratibu kama anamtoa mwiba mtoto, linabaki tundu refu kama koo. Akiwasha asubuhi linawaka kutwa, kimya, moto mwekundu usio na ndimi wala moshi. Mwingine akijaribu, debe linabomokea ndani au linafuka kama baba mwenye nyumba aliyekosa chakula. Na watu wetu midomo haina breki. "Tasiana, mikono ya kubembeleza hivyo si ungebembelezea mtoto?" Wanajua kabisa kwamba hakujaliwa mtoto. Yeye hugeuza maandazi tu.

Obadia Kihwele alipewa macho. Ni fundi wa kuchomelea. Kiwanda kilimpeleka Ufini kujifunza misumeno, akarudi na soksi za sufu na maneno mawili: "Kule Ufini." Mvua ikinyesha, kule Ufini. Mbuzi akizaa, kule Ufini. Tukamwita Mfini. Alisema kule maranda hayatupwi, yanachomwa mahali pamoja na joto linasafiri ndani ya mabomba mpaka majumbani, nje theluji, ndani mtu amekaa na fulana. Alisema ukutani mwa kiwanda alichofanyia mazoezi kulikuwa na mchoro wa nchi za Ulaya, kila nchi na mstari wake, kuonyesha mwaka hadi mwaka inapata nishati kiasi gani kutokana na taka za viwanda vyake. Mstari huu unapanda, ule umelala, ule mwingine unashuka kwa sababu wenyewe wameanza kusema taka nzuri ni ile ambayo haikuzalishwa kabisa. Mzee mmoja pale kilabu cha pombe ya ulanzi akamuuliza, "Na mstari wetu sisi, Mfini, ulikuwa wapi?"

"Sisi hatumo, mzee. Ule ni mchoro wa Ulaya."

"Hatumo? Basi geuka." Akamwonyesha moshi wa kilima cha maranda, ulivyokuwa umenyooka kwenda juu. "Wetu ule pale. Na unapanda kuliko yao yote."

Kilabu kizima kikalia kwa kicheko. Na nyuma ya nyumba yake Obadia alijijengea kibanda cha mabati chenye pipa la moto na bomba la moshi, Jumamosi anaingia humo anajifungia, anatoka anatiririka jasho kama mwizi aliyenusurika. Watoto wote wa Lugema wamechungulia kile kibanda.

Lwitiko Mgaya alipewa miguu. Kile kilima cha maranda mkikiona mtadhani kimelala, kumbe juu kimelowa mvua na ndani kinaungua. Moto unakula chini kwa chini, unaacha mapango, na ukikanyaga paa la pango unazama. Dada yake Lwitiko, Grasiana, alikwenda kuokota mabanzi ya kuni pale, akazama. Sitaeleza walivyomtoa. Tangu hapo Lwitiko huenda kilimani kila asubuhi, anavua viatu, anatembea polepole kama anayenyatia, nyayo zake zinasikia joto lilipo na utupu ulipo, na mahali pabaya anachomeka kijiti chenye kitambaa chekundu ili mtu asipite. Watu wakasema amechanganyikiwa.

"Lwitiko, umeanza kulima maranda?"

"Nalima."

"Na mavuno je?"

"Nyinyi kurudi nyumbani wazima."

Hao ndio watatu. Sasa mimi.

Mimi nilijifungua kabla ya wakati, mwisho wa masika. Mtoto njiti, wa kike, kichwa chake kinaenea kiganjani mwangu, vidole kama njiti za kibiriti kweli. Na barabara ya kushuka hospitali ilikuwa imeporomoka, mlima umeshuka na mipaina yake juu ya barabara, gari halipiti wala pikipiki haipiti. Mume wangu alikuwa ng'ambo ya maporomoko na lori la mbao. Nikampigia nikilia, akaniambia, "Jikaze, mke wangu." Nijikaze! Kwani nilikuwa nimelegea kwa starehe?

Nesi wetu, Editruda, alimweka mtoto kifuani kwangu, ngozi kwa ngozi, akatufunga na kitenge pamoja. Akaniambia, "Sikiliza, mama. Dawa ya huyu ni joto. Wewe ni jiko la kwanza, ila chumba kikipoa na wewe utapoa, na ukipoa wewe anapoa yeye." Chumba cha zahanati ni saruji tupu, ukungu unapita chini ya mlango kama paka. Umeme wa jua ulikuwa umekufa maana jua lenyewe tulikuwa tumelisahau. Mama mkwe akaleta jiko la mkaa. Nesi akalisimamisha mlangoni. "Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa? Mama, unataka niwazike wawili?" Mkaa ukarudi. Mimi nikabaki natetemeka, na mtoto akaanza kufanya kitu ambacho sitakisahau, anapumua, anasahau kupumua, namgusa unyayo, anakumbuka. Anapumua, anasahau. Mimi kazi yangu ikawa kumkumbusha.

Tasiana ndiye aliyekuja kwanza. Hakubisha hodi kwa kelele, aliingia na debe lake la maandazi limekwishawashwa. "Hili halina moshi, nesi, unanijua." Kweli chumba kilipata joto, hata kucha zangu zikarudi rangi. Lakini maranda yake yalikuwa ya msimu ule wa mvua, katikati ya debe yakakuta unyevu, yakaanza kufuka, mtoto akakohoa kikohozi kidogo kama chafya ya kuku. Nesi akalitoa debe nje kwa mikono yake mwenyewe. Tasiana akasimama ukumbini anaangalia viganja vyake.

Obadia akaja baada ya kusikia. Alichungulia dirishani, akaangalia ukuta huu, akaangalia ule, tukajua linakuja. "Kule Ufini..."

"Mfini, si leo!" nesi akamfokea.

"Nesi, nisikilize. Kule Ufini moto unakaa nje. Moshi unakaa nje. Kinachoingia ni joto tu." Akaondoka mbio. Tuliposikia nyundo tulidhani anatengeneza kitu kipya, kumbe alikuwa anabomoa kile kibanda chake cha jasho. Akabeba pipa, akabeba bomba, akatoboa ukuta wa zahanati upande huu na upande ule, pipa likakaa nje, bomba likapita chumbani mwangu ukutani, likatokea upande wa pili kwenda kutema moshi mbali. Viungo akaviziba kwa udongo. Akawasha. Maranda mabichi hayakushika, yalilia tu kama uji unaochemka. Akaweka mabanzi, yakawaka kwa fujo, bomba likawa jekundu, kufumba na kufumbua yamekwisha, bomba baridi. Akakaa chini kwenye matope. Sikuwahi kumwona Obadia amekaa bila kuitaja Ufini.

Lwitiko alikuwa amesimama muda wote getini mwa zahanati. Akasema, "Maranda makavu yapo."

"Wapi, na mvua hii?"

"Ndani. Karibu na moto. Moto umeyakausha."

Nesi akamwambia asithubutu. Yeye alikuwa ameshavua viatu. Alipanda kilima akiwa na gunia na jembe, akapita katikati ya vijiti vyake vyekundu, akachimba pembeni ya pango linaloungua, mahali ambapo maranda yamekuwa kama unga wa mahindi wa kukaanga. Akatoka na gunia la kwanza. Akatoka na la pili. La tatu paa likabomoka, mguu wake wa kushoto ukazama mpaka gotini. Akautoa. Akalibeba lile gunia hivyohivyo akichechemea, akalitua mbele ya pipa, ndipo akamwambia nesi, "Sasa niangalie mguu."

Obadia akamwaga maranda makavu ndani ya pipa kwa furaha, akatupia moto. Puu! Vumbi kavu lililolegea ukilipa moto halisubiri. Obadia akainuka hana nyusi.

Hapo ndipo Tasiana alipowasogeza wote kando kwa kiwiko. "Pisheni." Akatafuta gogo jembamba badala ya chupa, akalisimamisha katikati ya pipa, akaanza. Anamwaga, anashindilia, anamwaga, anashindilia, Lwitiko anampa maranda huku mguu umefungwa bandeji, Obadia anaziba nyufa za bomba kwa udongo huku uso umepakwa mafuta. Akalichomoa gogo. Akawasha kutoka chini. Na bomba ukutani kwangu likaanza kupata joto, polepole, kama mtu anayekusogelea kitandani. Chumba kikawa kama mwezi wa kumi na moja. Mtoto akapumua, akapumua, akapumua. Niliweka kidole karibu na unyayo wake tayari kumkumbusha, na hakuhitaji. Nililia mpaka nesi akaniambia ninamlowesha.

Na ikawa hivyo kila siku. Lwitiko akachechemea kilimani na mguu wake mbichi, kazi ya kiwandani ikampita kwa sababu hawezi kusimama kwenye msumeno. Tasiana akashindilia asubuhi, akashindilia tena mchana, wateja wake wa maandazi wakahamia kwa mwingine. Obadia akaziba kila ufa, maana lile bomba kila likipata joto linachezacheza na udongo unapukutika, na Jumamosi zake hana tena pa kutokea jasho. Hakuna aliyedai kitu. Mtoto akanenepa, akapata mashavu. Hapo ningewaambia hadithi imekwisha, mkaenda zenu. Lakini nesi akafungua mdomo wake.

"Mtoto anaendelea vizuri. Jumapili mnaweza kumtoa nje, ahamie nyumbani. Ila pipa na bomba vihamie nanyi, huyu joto lake bado tunalihitaji mpaka baridi ya sakitu ipite. Haya, anaitwa nani?"

Anaitwa nani! Laiti angeuliza kitu kingine.

Kwetu Lugema mtoto aliyezaliwa salama hupewa jina na baba au bibi, hakuna ugomvi. Lakini aliyezaliwa hatarini hapewi jina na wazazi, maana wazazi ndio walioshindwa kumzuia asiingie hatarini. Jina hutolewa na yule aliyemvuta akarudi. Huyo anakuwa somo wake. Somo ndiye anayembeba mtoto kuvuka kizingiti siku ya kutoka, na somo ndiye anayewasha moto anaopokelewa nao. Toka siku hiyo mtoto ana jiko la pili hapa duniani, akigombana na mama yake atakula huko, akiolewa somo anakaa mbele, somo akifa mtoto ndiye anayetupa udongo wa kwanza. Na kizingiti huvukwa na mtu mmoja. Mtoto asiye na jina havuki, anakaa ndani, na mimi nakaa naye. Na kwa kuwa kwetu mwanamke aliyezaa huitwa kwa jina la mtoto, watu wanapita dirishani wananisalimu, "Kamwene, Mama Nani!" Wanacheka. Mimi sicheki.

Wakaja wote watatu, wamevaa nguo za kanisani.

Tasiana akasema, "Mimi naomba aitwe Sikudhani. Ni jina la mama yangu. Sina mwingine wa kumpa. Nikifa nalo, limekufa."

Obadia akasema, "Aitwe Aino."

Mama mkwe wangu akashtuka. "Aino ndiyo nini, baba? Dawa ya mafua?"

"Ni bibi aliyenipa chumba kule Ufini. Nilifika kwake na kandambili, theluji mpaka hapa. Alinikalisha karibu na bomba la joto, akanivalisha soksi za marehemu mume wake kwa mikono yake. Sikujua hata neno asante kwa lugha yao. Nyinyi mnanicheka Ufini, Ufini. Mimi pale nilikuwa mtoto njiti, mama. Yule alinirudisha."

Mama mkwe akamsogezea kigoda akae, na mama mkwe wangu hamsogezei mtu kigoda ovyo.

Lwitiko akasema, "Grasiana." Tukasubiri aendelee. Akaona tunasubiri. "Kile kilima kilichukua mmoja. Sasa kimetoa mmoja. Mnataka nieleze nini?"

Mnadhani yaliishia hapo? Tasiana alikuwa na lake.

"Kaka Lwitiko, nakupa pole ya dada yako mpaka leo. Lakini maranda yako yalipofika hapa bila mikono yangu yalifanya nini? Yalimnyoa Mfini nyusi."

"Na mikono yako bila bomba langu?" Obadia akadakia. "Ulijaza chumba moshi, mtoto akakohoa, nesi shahidi."

"Na bomba lako bila maranda yangu?" Lwitiko akasema. "Ulikaa matopeni."

"Mimi nimebomoa nyumba yangu!"

"Kibanda."

"Kibanda ni nyumba ya jasho langu!"

"Mimi nimeunguza mguu."

"Na mimi nimepoteza wateja wote, mnadhani maandazi yanajikaanga?"

Na mtoto kifuani kwangu anaruka kila mmoja akipaza sauti. Nikawaambia jamani, jamani! Hawanisikii. Wakati huohuo nani anaingia? Meneja wa kiwanda, Bwana Chaula, na koti lake. Ambaye miaka yote hiyo hakuwahi kukiangalia kilima. Akasema amefurahi sana kusikia taka za kiwanda zimeokoa maisha, lakini kwa taratibu maranda yale ni mali ya kiwanda, kwa hiyo ingependeza mtoto akapata angalau jina la pili lenye kukitaja kiwanda, na ikapigwa picha. Tazama, takataka ilipotoa joto ikapata mwenyewe!

Lwitiko akamgeukia taratibu. "Bwana Meneja, kama kile kilima ni chako, basi na dada yangu aliyezama humo ni wako. Njoo nyumbani ukae msibani, tumekuwa tukikusubiri."

Bwana Chaula akaondoka na koti lake. Kwa dakika ile wale watatu walisimama pamoja kama meno. Nikasema afadhali, wamepatana. Wapi! Alipopotea tu kwenye ukungu wakaanza upya.

Msidhani sikujaribu. Nilisema mtoto apewe majina yote matatu, Sikudhani Aino Grasiana, nikamwandika hivyo hata kwenye cheti. Wakakataa. Tasiana akasema, "Na nani atambeba kizingitini? Tutamshika mmoja kichwa, mmoja kiuno, mmoja miguu, kama tunahamisha kabati?" Nikasema basi tupige kura ya vijiti. Obadia akasema mtoto si kuku wa mnada. Nikasema nitampa jina mimi mwenyewe, yaishe. Mama mkwe akaweka mikono kichwani, akasema nitakuwa nimewatukana watu watatu kwa mpigo na desturi juu yake. Nikampigia mume wangu, bado amekwama ng'ambo ya maporomoko. Akasema, "Wewe uko hapo, wewe amua tu." Wanaume! Nikikata simu ananirudia kuuliza kama nimeamua.

Sasa sikilizeni kinachoniogopesha, maana jina peke yake lisingenifanya nisile.

Leo ndiyo Jumapili, na tangu asubuhi hakuna aliyewasha pipa. Wala si kwa ubaya, msiwafikirie vibaya, na hilo ndilo linalonitia wazimu. Moto wa kumpokea mtoto unawashwa na somo, na moto wowote utakaowaka leo kwenye pipa hili ndio huo. Kwa hiyo Tasiana akinyoosha mkono ashindilie pipa, wenzake watasema amejipa usomo. Lwitiko akitua gunia, watasema hivyohivyo. Obadia akishika udongo azibe ufa, vilevile. Wote watatu wamekaa nje kwenye vigoda kulizunguka pipa, gunia la maranda makavu lipo pale, gogo lipo, udongo umeshakandwa umo kwenye karai, na kila mmoja amefumbata mikono kwa heshima ya wenzake. Heshima! Wananiambia, "Mama, taja tu, uliyemtaja atawasha."

Atawasha? Peke yake? Nimewaambia, mlikuwa wapi siku zote? Nikimtaja Lwitiko, Tasiana ataondoka na mikono yake, na yale maranda yatalipuka. Nikimtaja Tasiana, Obadia ataondoka na macho yake, bomba litapasuka viungo, moshi utaingia humu. Nikimtaja Obadia, Lwitiko hatapanda tena kilimani, na hakuna mguu mwingine Lugema unaojua pa kukanyaga. Mmoja akishinda, amepata usomo wa mtoto asiyeweza kumpasha joto. Nikinyamaza, ndiyo hivi tulivyo.

Nesi Editruda ametoka kuwafokea, amerudi anafuta machozi. Anasema Tasiana alimwambia, "Nesi, mimi nikimpata huyu mmoja sitaki kingine duniani." Anasema Obadia amevaa zile soksi leo. Anasema Lwitiko alikuwa anachora chini kwa kijiti.

Wote wanastahili, hilo najua, msinijibu kwamba wote wanastahili, hilo ni jibu la wavivu. Ugumu wangu ni mwingine. Nataka jina moja ambalo nikilitamka pale mlangoni, wale wawili wengine walisikie, liwaume kama litawauma, na bado wasimame kutoka kwenye vigoda waje wasaidie. Jina lina sababu ndani yake. Sababu ikiwa dhaifu wataondoka, ikiwa na nguvu watabaki. Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, nimefundishwa kutafuta eneo la pembetatu, hakuna aliyenifundisha kuchagua pembe yake.

Basi pimeni wenyewe. Je, ni wa Tasiana, aliyeutuliza moto usiotulia, na ambaye asipompata huyu jina la mama yake linaishia kaburini? Je, ni wa Obadia, aliyeona moshi na joto vinaweza kutengana wakati sisi wote tulikuwa tunacheka, akabomoa cha kwake bila kuombwa? Au ni wa Lwitiko, aliyerudi kwenye shimo lililomla dada yake, akaingiza mguu wake humo kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine?

Nimeweka kiganja kwenye bomba sasa hivi. Bado lina uvuguvugu, kama chai iliyosahaulika. Mtoto amelala, anapumua, nimeshika unyayo wake. Nje ukungu umefika getini. Mlango uko wazi, na wale watatu wameinua nyuso wananitazama mdomoni.

Semeni upesi: ungekuwa wewe umesimama hapa kizingitini, ungemwita nani, na ungewaambia nini wale wawili?